Njaa Isiyokwisha kwa Mavuno

Waandishi wa historia, wakieleza habari za njaa, wanayo desturi moja. Wanataja sababu yake, wanahesabu wafu, wanatuambia siku gani chakula kilirudi; kiisha wanafunga sura na kuanza nyingine. Na sisi wasomaji tunafunga kitabu pamoja nao. Twadhani njaa ni kama moto wa mbuga: ukizimika, majani yanaota tena, na mwaka unaofuata hakuna awezaye kuonyesha mahali ulipopita.

Katika makala hii twataka kuonyesha kwamba sura hiyo inafungwa mapema mno. Iko njaa moja iliyodumu miezi sita hivi, ambayo mwanzo wake na mwisho wake vinajulikana kwa tarehe. Miaka zaidi ya 60 nyuma yake, waganga walikuwa bado wanaisoma katika damu ya watu ambao hawakuiona hata kidogo kwa macho yao, kwani siku zile walikuwa tumboni mwa mama zao. Ni njaa ya Uholanzi ya mwaka wa 1944 na 1945. Hatukuichagua kwa kuwa Afrika haina njaa zake. Tumeichagua kwa kuwa iliandikwa vizuri kuliko nyingi, na mwishoni tutarudi kwetu.

1. Namna njaa ilivyoingia

Tangu Mei 1940 Uholanzi ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Tarehe 17 Septemba 1944 majeshi ya Waingereza na Wamarekani yalishuka kwa miavuli, yakitaka kuteka madaraja hata lile la Arnhem juu ya mto Rhine. Siku ile ile serikali ya Uholanzi, iliyokuwa imekimbilia London, iliwaagiza wafanyakazi wa reli waache kazi, ili adui asipate kusafirisha askari wake. Watu wapata 30,000 walitii. Lakini daraja la Arnhem halikutekwa. Upande wa kusini wa nchi uliokolewa. Magharibi ikabaki chini ya adui, na huko magharibi ndiko iliko miji mikubwa: Amsterdam, Rotterdam, Den Haag, Leiden, Haarlem. Wakaaji wake walipita milioni 4.

Ili kuwalipiza kisasi waliogoma, Arthur Seyss-Inquart, aliyetawala nchi kwa jina la Hitler, alikataza chakula kisipelekwe magharibi. Mwanzoni mwa Novemba katazo lililegezwa, na mashua zikaruhusiwa kupita. Kumbe, wakati ulikuwa umekwisha kupotea. Baridi ilikuja kwa ukali, maji ya mifereji yaliganda kuwa barafu, mashua zikakwama. Makaa ya mawe yalikuwa yakitoka kusini, nako sasa kulikuwa ng'ambo ya mstari wa vita; hivyo katika nyumba nyingi hakukuwa na moto wa kupikia wala wa kuota.

Kila mtu alipewa posho kwa kadi. Waganga wanapima nguvu ya chakula kwa kalori, na mtu mzima anahitaji zaidi ya 2,000 kila siku. Katika mji wa Amsterdam, mwisho wa Novemba 1944, posho ya siku ilishuka chini ya 1,000. Tangu Desemba hata Aprili ilikuwa kati ya 400 na 800. Mama wenye mimba na wenye kunyonyesha waliandikiwa nyongeza, lakini njaa ilipokuwa kali kabisa, nyongeza yenyewe haikupatikana tena. Watu walikula beti za sukari na mizizi ya maua ya tulipa. Wanawake walitoka mijini kwa miguu na kwa baisikeli, wakienda mashambani kubadilisha mashuka na vyombo vya nyumbani kwa viazi. Waliokufa wanahesabiwa kuwa 20,000 hivi.

Yafaa tukumbuke hapa jambo moja la sifa. Mwishoni mwa mwaka wa 1944 Wakatoliki na Waprotestanti, ambao katika nchi ile walikuwa wametengana tangu karne ya 16, waliunda ofisi moja, Interkerkelijk Bureau, kukusanya chakula na kuwalisha hasa watoto na wadhaifu. Maelfu ya watoto walipelekwa katika mashamba ya kaskazini na mashariki, wakapokelewa na jamaa zilizokuwa bado na kitu. Hakuna aliyengoja mabishano ya imani yamalizike kwanza ndipo apike supu.

Tarehe 29 Aprili 1945 ndege za Waingereza zilianza kuangusha mifuko ya chakula. Wamarekani walifuata tarehe 1 Mei. Tarehe 5 Mei nchi ilikombolewa. Mwezi wa Juni posho ilipita tena kalori 2,000. Njaa ilikuwa imekwisha, na hapo ndipo vitabu vingi vinapofunga sura.

2. Daftari za hospitali

Sasa tuingie katika nyumba moja ya mji ule, hospitali iliyoitwa Wilhelmina Gasthuis. Wakati wote wa njaa akina mama waliendelea kuzaa pale, na waliowahudumia waliendelea kuandika: tarehe ya kuzaliwa, uzito wa mtoto, urefu wake, kipimo cha kichwa chake, hata uzito wa kondo la nyuma. Ilikuwa kazi ya kila siku, yenye kuchosha, katika mji usio na mkate wala taa. Tangu Novemba 1943 hata Februari 1947 waliandikwa hivyo watoto 2,414 ambao habari zao zilikuja kutumika baadaye.

Mtu wa kwanza kuuliza habari za watoto wa njaa hii alikuwa mganga Mmarekani, Clement Smith wa Harvard, aliyefika Uholanzi mwaka wa 1945. Aliona kwamba watoto ambao mama zao walikosa chakula katika miezi ya mwisho ya mimba walizaliwa wepesi. Katika daftari za Amsterdam tofauti yao na wengine ni karibu gramu 300.

Kiisha walikuja mume na mke, Mervyn Susser na Zena Stein. Hao walikuwa waganga wazaliwa wa Afrika ya Kusini, waliohama nchi yao katika miaka ya 1950 kwa kuwa walichukia ubaguzi wa rangi. Baadaye walifundisha huko New York, katika chuo kikuu cha Columbia. Walitambua jambo ambalo ndilo ufunguo wa habari hii yote. Mahali pengi njaa inawapata maskini peke yao, tena inawafuata tangu kuzaliwa hata kufa. Basi mtu akiugua, hatuwezi kusema kama ni njaa ya zamani ao ni umaskini wa leo. Katika Uholanzi njaa iliwakumba karibu wote wa miji ya magharibi, ijapo wenye mali walipata kidogo zaidi kwa magendo. Ilianza wakati unaojulikana, ikaisha wakati unaojulikana. Mbele yake na nyuma yake watu walikula. Hivyo tarehe ya kuzaliwa peke yake inatosha kutuambia njaa ilimkuta mtu katika mwezi gani wa mimba. Hakuna mwenye dhamiri ambaye angeweza kufanya jaribio kama hilo juu ya watu. Vita ilikuwa imelifanya.

3. Yaliyoonekana

Vijana wa Uholanzi, walipofikia miaka 18 ao 19, walipimwa na waganga wa jeshi. Stein na Susser walizitafuta karatasi hizo. Mwaka wa 1972 walitangaza matokeo ya kwanza, nayo yalikuwa ya kufariji: katika majaribio ya akili, vijana waliokuwa tumboni wakati wa njaa hawakuwa nyuma ya wenzao. Lakini mwaka wa 1976 hesabu ya vijana 300,000 ilionyesha jambo lisilotazamiwa. Wale ambao njaa iliwakuta katika nusu ya kwanza ya mimba walikuwa na wanene wengi zaidi kuliko wenzao. Wale iliowakuta mwishoni mwa mimba na katika miezi ya kwanza ya kunyonya walikuwa na wanene wachache zaidi. Njaa moja, matunda mawili, kadiri ya mwezi.

Kadiri miaka ilivyopita, orodha iliongezeka. Mwaka wa 1996 ilionekana kwamba waliochukuliwa mimba katika siku kali kabisa za njaa, yaani waliozaliwa kati ya katikati ya Oktoba na mwisho wa Desemba 1945, waliugua skizofrenia, ule ugonjwa mzito wa akili, mara mbili kuliko wengine. Mwaka wa 1998 watu 702 wa daftari za Wilhelmina Gasthuis, waliokuwa na miaka 50 hivi, walinyweshwa sukari na kupimwa damu: waliokuwa tumboni wakati wa njaa, miili yao ilishindwa zaidi kuitawala sukari. Mwaka wa 2000 mama mtafiti Tessa Roseboom na wenzake walitangaza habari za moyo. Kati ya watu 100 ambao njaa iliwakuta katika miezi ya kwanza ya mimba, karibu 9 walikuwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo; kati ya 100 wasiokutwa na njaa, 3 tu.

Msomaji ashike vizuri neno hili la mwisho. Watoto ambao njaa iliwakuta mwanzoni mwa mimba walikuwa wamezaliwa na uzito wa kawaida, kwa kuwa mama zao walipata chakula katika miezi iliyofuata. Mtu aliyewatazama siku ya kuzaliwa alisema: hawa wameponyoka. Kumbe ndio waliochukua mzigo wa moyo. Mizani ya hospitali ilisema kweli, lakini haikusema yote.

Tusitie chumvi. Wengi wa wale watoto walikua, walioa, walifanya kazi na kuzeeka kama wenzao. Hesabu hizi zinaonyesha hatari iliyoongezeka; hazimhukumu mtu ye yote mmoja. Atakayewaambia Wakristu kwamba mtoto wa njaa amekwisha kuandikiwa ugonjwa atakuwa amefundisha uongo.

4. Namna mwili unavyokumbuka

Je, yawezekanaje mwili ukumbuke jambo ambalo roho haikulijua? Waganga wanatoa sababu zaidi ya moja.

Ya kwanza ni ya ujenzi. Viungo vya mtoto vinajengwa kila kimoja kwa wakati wake. Katika mafigo, kwa mfano, vichujio vyote vinaumbwa mbele ya kuzaliwa. Nyuma ya hapo hakuna kinachoongezwa. Tofali likikosekana siku ya kujenga msingi, huwezi kulitia wakati wa kuezeka.

Ya pili ni ya matayarisho. Mganga Mwingereza David Barker, aliyechunguza daftari za kale za watoto wa Hertfordshire, alifundisha pamoja na mwenzake Nicholas Hales mwaka wa 1992 kwamba mtoto anayekosa chakula tumboni anajifunza kubana matumizi. Mwili wake unajipanga kama msafiri aliyeambiwa atavuka nchi kavu: unalinda ubongo, unaweka akiba ya kila kitu. Akizaliwa katika nchi yenye mkate na sukari tele, desturi ile ile ya kuweka akiba inageuka kuwa ugonjwa.

Ya tatu ni alama ndogo sana zinazokaa juu ya chembe za urithi na kuziamuru zifanye kazi ao zinyamaze. Mwaka wa 2008 Bastiaan Heijmans, L. H. Lumey na wenzao walichukua damu ya watu 60 waliotungwa mimba wakati wa njaa, wakailinganisha na damu ya ndugu zao wa tumbo moja ambao njaa haikuwakuta. Katika urithi mmoja unaohusu ukuaji, alama hizo zilikuwa chache zaidi kwa wale wa njaa. Mama mmoja, nyumba moja. Tofauti ilikuwa ni majira ya baridi moja tu, nayo ilionekana miaka 60 baadaye.

Wazee wetu wanasema: samaki mkunje angali mbichi. Twazoea kuitumia mithali hii juu ya malezi ya tabia. Habari hii yatufundisha kwamba hata mwili unakunjwa ungali mbichi, na mara nyingine mkono unaoukunja ni wa serikali iliyofunga njia za chakula.

5. Swali la Leningrad

Mwanafunzi mzuri wa historia atauliza: je, ni hivyo kila mahali? Mji wa Leningrad, katika Urusi, ulizingirwa na Wajerumani tangu Septemba 1941 hata Januari 1944, na njaa yake ilikuwa kali kuliko ile ya Uholanzi, tena ya muda mrefu. Mwaka wa 1997 walitangazwa watu 549 wa nchi ile waliopimwa, wengine wao wakiwa walikuwa tumboni ndani ya mji uliozingirwa. Tofauti ya sukari katika damu, iliyoonekana Amsterdam, haikuonekana kwao.

Wataalamu wengi wanaieleza tofauti hiyo hivi: Mholanzi alitoka katika njaa akaingia upesi katika shibe, Mrusi alitoka katika njaa akaingia katika maisha ya kubana, ambayo mwili wake ulikuwa umejitayarishia. Basi, kama ni hivyo, hatari iko katika kuruka toka njaa hata wingi wa vyakula vitamu. Tuliweke neno hili moyoni, kwa kuwa miji yetu yajaa sasa watu waliozaliwa katika njaa ya vijiji na vita, ambao leo wanakula mkate mweupe na kunywa soda kila siku.

6. Turudi kwetu

Katika Nigeria, vita ya Biafra ilidumu tangu Julai 1967 hata Januari 1970. Njia za chakula zilifungwa, na watoto wengi sana walikufa. Caritas na mashirika ya Waprotestanti walipeleka chakula usiku kwa ndege, zikishuka katika uwanja wa Uli. Mwaka wa 2009 watafiti walipima watu 1,339 katika mji wa Enugu. Wale waliokuwa tumboni ao wachanga wakati wa vita, sasa wenye miaka 40 hivi, walikuwa na msukumo wa damu uliopanda na sukari iliyozidi, kuliko wale waliozaliwa nyuma ya vita. Nao ni Waafrika, kama sisi. Wala hatuwezi kusema tena kwamba haya ni mambo ya Wazungu.

Karibu zaidi, kaskazini ya Bukavu, iko hospitali ya Lwiro. Tangu miaka mingi inawatunza watoto wenye bwaki, ule ugonjwa wa kukosa chakula unaovimbisha miguu na kubadilisha nywele. Watafiti Wakongomani pamoja na wenzao wa Ubelgiji walichukua daftari za watoto waliotibiwa pale tangu 1988 hata 2007, wakaenda kijiji kwa kijiji kuwatafuta. Waliwaona na kuwapima watu wazima 524, wenye miaka 22 kwa wastani, wakawalinganisha na vijana wa vijiji vile vile. Walioponywa bwaki walikuwa wafupi zaidi, walikuwa wamesoma kidogo zaidi, tena walikuwa na mafuta mengi zaidi tumboni na sukari zaidi katika damu. Hawa waliugua nyuma ya kuzaliwa, si tumboni. Lakini neno ni lile lile. Hospitali iliwaokoa na kifo, sifa ziwe kwake. Hesabu ya njaa ilikuwa haijafungwa.

7. Yatupasayo

Ndugu waseminari, mapadri na wakatekista, sisi si waganga. Hata hivyo twaona mambo matatu yanayotuhusu.

Kwanza, mama mwenye mimba ale mbele ya wengine. Katika jamaa nyingi baba anapokea nyama, na mama anakula kilichobaki. Katika makabila kadha mwenye mimba anakatazwa mayai ao namna fulani ya samaki. Mafundisho ya Kanisa juu ya kufunga tangu zamani yanawaachilia wenye mimba na wenye kunyonyesha. Kama Kanisa halimfungishi mama huyo katika Kwaresima, desturi ya nyumba yamfungisha kwa haki gani? Neno hili lafaa kusemwa waziwazi katika mafundisho ya ndoa, kwa waume hasa. Na chakula cha msaada kikifika kwa waliokimbia vita, sharti tuulize kwanza: wako wapi wenye mimba, hata wale ambao mimba yao haijaonekana?

Pili, tusimlaumu mama. Sisi wenyewe tumesikia watu wakisema juu ya mtoto dhaifu: mama yake hakujitunza. Wanawake wa Amsterdam hawakuchagua mizizi ya tulipa. Wanawake wetu waliobeba mimba njiani, wakikimbia bunduki, hawakuchagua njia ile. Kama dhambi ipo, na itafutwe kwa wale waliochoma ghala na kufunga barabara. Tena wajue kwamba wamemwibia mtu ambaye hajapata hata jina.

Tatu, tuandike. Yote tuliyoyasema yasingejulikana kama wale wa Wilhelmina Gasthuis wangalitupa kalamu kwa sababu ya baridi, ao kama wale wa Lwiro wasingalitunza karatasi zao. Watoto wale wangaliugua vivyo hivyo, lakini kila mmoja angaliugua peke yake, bila kujua sababu. Sisi nasi tunayo daftari. Mapadri Weupe waliandika kila siku diario ya misioni, na wanahistoria leo wanapata humo habari za njaa za zamani, kama ile Ruzagayura ya Rwanda ya mwaka wa 1943 na 1944, iliyowasukuma watu wengi kuvuka mpaka hata kwetu. Lakini mara ngapi tumeona katika daftari la ubatizo tarehe ya kuzaliwa iliyoachwa wazi, ao iliyoandikwa kwa kukisia, kwa kuwa mistari ilikuwa mirefu na jua lilikuwa kali?

Basi, ndugu mkatekista, mama akikuletea mtoto, muulize siku aliyozaliwa, na kama hajui, kaa naye hata mwipate pamoja kwa kuhesabu masoko na sikukuu. Iandike vizuri. Na mwaka ukiwa wa njaa, andika hivyo katika diario ya parokia: mwezi gani ilianza, mwezi gani iliisha, watu walikula nini. Miaka 50 kutoka leo mganga mmoja, pengine mwana wa kijiji chako, atafungua ukurasa ule, naye ataelewa moyo wa mgonjwa wake unaumwa kwa sababu gani.